Paneli ya jua juu ya nyumba: itazame upande gani hapa kwetu?



Katika mikutano ya koperative, tukisha kumaliza habari ya mbegu na bei ya maharagi, mara mingi kuna mutu anayebakia nyuma na kuuliza: "Bwana agronome, hii pano yangu niitazamishe wapi?" Mumoja anasema fundi aliyemuuzishia kule Goma alimwambia upande wa kusini. Mwingine alitoa karatasi ndani ya kartoni, akaona picha ya paneli iliyosimama kama ngazi, naye akaisimamisha vile vile. Wa tatu aliiweka ikitazama fasi jua linatokea, jirani yake akamucheka. Na wote watatu wako na lalamiko moja: taa inazimika saa mbili za usiku, mbele watoto wamalize kazi ya masomo, na simu haijaaji mpaka mwisho.

Nitajibu mara moja, kisha nieleze. Hapa Masisi na Walikale, upande paneli inatazama ni jambo dogo. Ilale karibu kama meza, iinamishwe kidogo kusudi maji ya mvua yatiririke, na iwekwe fasi kivuli hakiifikie. Yule anayezimikiwa taa saa mbili, karibu sikuzote sababu iko fasi ingine: mugomba ulioota mbele ya nyumba, majivu na moshi, kable nyembamba, ao betri iliyochoka. Ninaandika hivi kwa sababu kuna familia zinazonunua paneli ya pili kwa pesa iliyokuwa ya mbegu, na ile ya kwanza ilihitaji tu kusogezwa metre tatu.

Jua letu linapita wapi

Ile karatasi ya ndani ya kartoni haisemi uongo. Iliandikwa kwa ajili ya watu wengine. Tuchukue Bruxelles, kule Ubeljiji. Muji huo uko karibu digri 51 kaskazini ya ikweta, ni kusema ule mustari unaokata dunia katikati. Mwezi wa 12, saa sita ya mchana, jua la kule linapanda digri 16 tu kutoka chini. Kwetu jua linakuwa hivyo karibu saa moja ya asubui, wakati tunapochukua jembe! Tena saa sita ya mchana jua la Bruxelles liko sikuzote upande wa kusini, hata katikati ya mwaka. Mutu wa kule akisimamisha paneli yake na kuitazamisha kusini, amefanya vizuri kabisa.

Sisi, kutoka Kingi mpaka Walikale-centre, tuko karibu digri 1 na nusu kusini ya ikweta. Jua letu linapita juu ya kichwa. Siku chache mbele ya tarehe 20 mwezi wa 3, na tena siku chache nyuma ya tarehe 23 mwezi wa 9, saa sita ya mchana, kijiti kilichosimama wima hakina kivuli. Kati ya siku hizo mbili jua linapitia upande wa kaskazini. Kufika 21 mwezi wa 6, kijiti cha metre moja kinatupa kivuli cha karibu santimetre 46, nacho kinaangukia upande wa kusini. Nyuma ya mwezi wa 9 jua linahamia kusini, na kufika 21 mwezi wa 12 kijiti kile kile kinatupa kivuli cha karibu santimetre 40 upande wa kaskazini. Musiniamini tu kwa mudomo. Simamisheni kijiti kwenye kiwanja cha koperative, mupime kila mwezi, watoto wa masomo watafurahi.

Sasa angalieni kitu kinachomupata yule aliyefuata karatasi ya Bruxelles. Ameinamisha paneli yake digri 35, ikitazama kusini. Mwezi wa 6 jua liko kaskazini. Saa sita ya mchana, wakati jua liko na nguvu zaidi, mwangaza unapiga paneli yake kwa upande, naye anapata nusu tu ya ule mwangaza unaotoka moja kwa moja kwenye jua. Jirani yake aliyeilaza kama meza anapata 91 juu ya 100. Na mwezi wa 6 mpaka wa 8 ndio wakati wetu wa kiangazi kirefu, mbingu ziko wazi, betri zingepaswa kujaa kila siku. Ni kama mutu anayefunika kisima chake wakati maji ni mingi.

Basi kama kusini ni vibaya, kaskazini ni vizuri? Kidogo. Sababu tuko kusini ya ikweta kwa ile digri 1 na nusu, kaskazini inashinda kwa mwaka muzima, lakini inashinda kwa kitu kidogo sana ambacho taa yako haitasikia. Paneli iliyoinama digri 10 kaskazini inapata 97 juu ya 100 saa sita ya mchana mwezi wa 6. Mwezi wa 12 inapata 85. Geuza kusini, na hesabu inageuka karibu vile vile. Kitu unachopata huku unakipoteza kule.

Ni lazima pia kufikiria mawingu. Wakati wa mvua, mwangaza hautoke fasi moja. Unatoka kwenye mbingu yote, mweupe, kama maziwa. Siku hiyo paneli iliyosimama sana inaona nusu ya mbingu na nusu ingine inatazama ukuta wa jirani. Ile iliyolala inaona mbingu yote. Na hapa kwetu siku za namna hiyo si chache. Hiyo ni sababu ya pili ya kuilaza.

(Jambo moja la pembeni. Mafundi wengi walijifunza kwanza kazi ya antene za televisheni, zile sahani. Antene ikikosa upande kwa digri mbili tatu, picha inapotea. Ndiyo sababu fundi anaweza kupoteza saa nzima juu ya nyumba akigeuza paneli na dira ya simu, kisha akuombe malipo ya hiyo saa. Paneli si antene. Ikikosa kwa digri 10, unabakia na zaidi ya 98 juu ya 100. Ikikosa kwa digri 15, unabakia na karibu 97.)

Kwa nini isilale kabisa

Kama jua liko juu ya kichwa, mutu anaweza kusema: niilaze tu sawasawa kama meza. Ni karibu kweli, lakini mvua inakataa. Paneli iliyolala kabisa inashika maji. Maji yanakauka na kuacha vumbi, na vumbi linakusanyika kwenye ukingo wa chini, pale kadre ya chuma inapanda kidogo. Nyuma ya miezi michache kunakuwa mustari wa udongo unaofunika vipande vya mwisho, na tutaona mbele kidogo kwa nini mustari huo mwembamba unakula nguvu mingi.

Digri 10 mpaka 15 zinatosha kusudi mvua ioshe paneli yenyewe. Hauhitaji chombo cha kupima. Kwa paneli ya urefu wa metre moja, inua upande moja santimetre 17 kuliko upande mwingine: hiyo ni digri 10. Ukiinua santimetre 26, ni digri 15.

Na nyumba yenyewe? Nyumba mingi za mabati hapa kwetu tayari ziko na mutelemuko. Ili kuujua, shika ubao wa metre moja, uulaze sawa kabisa (chupa yenye maji nusu itakuonyesha kama uko sawa), ncha yake moja iguse bati upande wa juu. Kisha pima kutoka ncha ingine kwenda chini mpaka kwenye bati. Ukipata santimetre 27, mutelemuko ni digri 15. Santimetre 36 ni digri 20. Santimetre 58 ni digri 30. Mpaka digri 20, fuata mutelemuko wa nyumba bila kujisumbua, hata kama unatazama wapi. Kutoka digri 30 na zaidi, upande unaanza kuwa na maana, na hapo ndipo swali la mashariki na magharibi linaingia.

Asubui ao mangaribi?

Tuseme nyumba yako iko na mutelemuko wa digri 30, ubavu moja unatazama fasi jua linatokea, ubavu mwingine fasi linazamia. Tuchukue mwezi wa 3 ao wa 9, jua linapopita juu ya kichwa. Saa tatu ya asubui liko nusu ya kupanda. Paneli ya ubavu wa mashariki inapata 97 juu ya 100 ya mwangaza wa jua. Ile inayolala kama meza inapata 71. Lakini saa tisa ya mchana mambo yanageuka: ubavu wa mashariki unapata 26 tu, na meza bado iko na 71 yake.

Kwa hiyo swali si "upande gani ni muzuri?" Swali ni: kwako, jua linaonekana saa ngapi? Hapa jibu la Kingi si jibu la Nyabiondo, na jibu la mutu wa bondeni si jibu la jirani yake wa juu ya mulima. Wakati wa mvua, fasi mingi mawingu yanajikusanya kutoka saa saba, kisha ngurumo, kisha mvua mpaka jioni. Anayeishi fasi kama hiyo apende ubavu wa mashariki, akusanye jua lake mbele ya mvua. Lakini kuna mabonde ambayo ukungu unalala mpaka saa tatu ao saa nne ya asubui, na kuna nyumba zilizofichwa na mulima upande wa mashariki, jua linazifikia saa mbili na nusu. Yule wa huko apende ubavu wa magharibi.

Mimi singemwambia mutu achague kwa kukisia. Chukua kaye ya mutoto, na kwa wiki mbili andika mara tatu kwa siku: saa tatu, saa sita, saa tisa. Nyoosha mukono juu ya udongo. Kama kivuli cha vidole kinaonekana vizuri, andika "jua". Kama kivuli hakionekani, andika "wingu". Nyuma ya wiki mbili, hesabu. Kama inawezekana, rudia wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Hiyo kaye inajua mbingu ya nyumba yako kuliko fundi yeyote wa muji. Tunafanya hivyo kwa mvua mbele ya kupanda. Tufanye pia kwa jua.

Na mwenye paneli mbili zenye nguvu sawa anaweza kuweka moja kila ubavu. Moja inatumika asubui, ingine mangaribi, na betri inapokea kidogo kidogo siku nzima. Fundi azifunge nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, asizifunge moja nyuma ya ingine, la sivyo ile yenye kulala itaivuta ile yenye kutumika.

Adui wa kweli ni kivuli

Angalieni paneli yenu kwa karibu. Imegawanywa katika vipande vidogo, mara mingi 36 kwa zile za voliti 12. Vipande hivyo vimefungwa moja nyuma ya kingine, kama watu waliojipanga kutoka kwenye chemchemi mpaka kwenye nyumba, wakipashana ndoo za maji. Mumoja katikati ya mustari akisinzia, ndoo hazifike, hata kama wengine 35 wanatumika kwa nguvu. Hivyo jani la mugomba likifunika pembe moja tu ya paneli, haukose tu nguvu ya ile pembe. Unaweza kukosa nusu, ao hata zaidi. Ule mustari wa udongo kwenye ukingo wa chini unafanya kazi ile ile mbaya.

Kwa hiyo, mbele ya kufikiria kaskazini na kusini, kaa kwenye kiwanja siku moja nzima na uangalie vivuli vinatembea. Kuna hesabu moja rahisi. Saa tatu ya asubui na saa tisa ya mchana, jua likiwa kwenye njia yake ya katikati, kivuli cha muti kiko sawa na urefu wa muti wenyewe. Karatusi inayopita paneli yako kwa metre 10 upande wa mashariki, na iko metre 8 tu kutoka nyumba, bado inakufunika saa tatu. Ikiwa metre 15, saa hiyo umekwisha kupona. Lakini muti ule ule ukiwa kaskazini ya nyumba haufike mbali: saa sita ya mwezi wa 6, siku mbaya kuliko zote kwa upande huo, kivuli chake kinakuja metre 4 na nusu hivi. Ukiwa kusini, mwezi wa 12, metre 4.

Hii inatufaa sisi watu wa shamba. Ukitaka kupanda miti ya kukata upepo ao miti ya kuni karibu na nyumba, ipande upande wa kaskazini na wa kusini, uache mashariki na mangaribi wazi. Migomba inahitaji jicho la pekee, sababu inakua mbio: paneli iliyokuwa kwenye jua wakati wa kupanda maharagi inaweza kuwa chini ya majani mbele ya kuvuna mara ya pili. Kata yale majani, ao hamisha chipukizi lililoelekea nyumba.

Lakini tafazali, musikate muti wa avoka kwa sababu ya paneli. Muti wa avoka uliopandwa kwa mbegu unaomba miaka mingi mbele ya kuzaa, na ukisha kuzaa unalisha nyumba na soko. Paneli inasogezwa kwa siku moja. Iweke kwenye ubavu mwingine, ao kwenye nyumba ya jikoni kama moshi hautoke hapo, ao kwenye nguzo ndani ya kiwanja. Wale wa Walikale, wenye nyumba zilizozungukwa na pori lenye miti mirefu, mara mingi nguzo katikati ya kiwanja ndiyo njia moja tu inayobaki.

Nguzo lakini inaleta swali la kable. Paneli ya wati 50 inatoa karibu amperi 3. Ukitumia kable nyembamba ya milimetre 0,75 kwa umbali wa metre 20, karibu 16 juu ya 100 ya nguvu inapotea njiani, ikipasha kable moto bure. Kwa kable ya 1,5 inapotea karibu 8. Kwa ile ya 2,5 karibu 5. Mulinganishe na ile digri 10 ya kukosa upande, ambayo haikule hata 2 juu ya 100! Kama uko na pesa kidogo ya kutengeneza mambo, iweke kwenye kable.

Joto, moshi na majivu

Paneli inapenda mwangaza, haipendi joto. Kwa kila digri moja inayopita digri 25, paneli za kawaida zinapoteza karibu 0,4 juu ya 100. Iliyolazwa moja kwa moja juu ya bati, bila hewa chini yake, ikifika digri 60 mchana imekwisha kupoteza karibu 14. Weka vipande vya mbao chini yake, acha nafasi ya upana wa kitanga cha mukono, upepo upite. Huku juu Masisi baridi inatusaidia. Wa kule chini Walikale wasiache jambo hili. Na misumari ao bulo za kushikilia mbao zipite juu ya mugongo wa wimbi la bati, si kwenye mufereji wake, la sivyo mvua ya kwanza itaingia kitandani.

Uchafu wetu si vumbi tu. Kuna moshi wa jikoni, ambao una mafuta, na mvua peke yake haiutoe. Kisha kuna volkano. Upepo mara mingi unasukuma moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira upande wa magharibi, ni kusema kwetu. Wanaofuga wanajua namna majani ya malisho yanavyokuwa wakati majivu yanaanguka, na kila mutu ameona bati jipya likishika kutu mbele ya wakati. Ni asidi iliyo ndani ya ile mvua. Majivu yakianguka, osha paneli haraka kwa maji mingi, asubui mapema ikiwa bado baridi, na kitambaa laini. Kwanza mwanga maji yatoe majivu, kisha ndipo upanguse, sababu majivu ya volkano yanakwaruza kioo kama muchanga. Usitumie muchanga, usitumie burashi ya chuma, usimwage maji ya baridi juu ya paneli yenye moto wa saa saba. Na uangalie bulo na fasi kable zinapounganika. Kutu inaanzia hapo.

Kiwanjani ao juu ya nyumba

Wengine hawaweke paneli juu ya nyumba kabisa. Wanaiweka chini, kwenye kiti, na mutoto anaigeuza kufuata jua kama vile tunavyogeuza kahawa kwenye turubai. Hiyo inaongeza nguvu, ni kweli, hasa asubui na jioni, siku mbingu ziko wazi. Siku ya mawingu haiongeze kitu. Na kuku anaruka juu, mbuzi anaikanyaga, na jioni mutu anapita nayo. Kwa ile ndogo ya taa moja, sawa. Kwa ile ya nyumba, faida haifike kwenye hasara.

Najua sababu ingine ya kuiacha chini, na si ya kucheka. Katika miaka hii watu wamehama mara mingi, wengine mara tatu, mara ine, na paneli ni kati ya vitu vya kwanza mutu anabeba, pamoja na sufuria na godoro. Simu yenye moto ndiyo inaleta habari kama njia ya Sake iko wazi, na habari ya ndugu waliobaki nyuma. Singemwambia mutu aikaze kwa misumari ishirini. Tengeneza fremu ya mbao inayobaki juu ya nyumba na digri zake 10 ao 15, na paneli yenyewe ishikwe kwa bulo ine zenye mabawa, zile zinazofunguliwa kwa vidole. Dakika tano, iko chini. Anayeogopa mwizi anaishusha usiku, asubui inarudi pale pale bila kupima tena. Weka alama ya rangi kwenye kable kusudi hata mutoto asikosee nyekundu na nyeusi. Mwenye kutoka mbali usiku atumie kufuli na muviringo wa chuma. Ni ulinzi kidogo, lakini unachelewesha.

Neno moja juu ya radi, sababu mashariki ya Congo ni kati ya fasi za dunia zinazopigwa na radi mingi zaidi. Paneli isipite mugongo wa nyumba, na nguzo isiwe kitu kirefu kuliko vyote kwenye kiwanja. Ukisikia ngurumo inakaribia, chomoa kwanza kable ya paneli kwenye regilatere, kisha uingie ndani. Usipande juu ya nyumba kuishusha wakati mvua imekwisha kuanza. Paneli moja haifike bei ya mutu.

Kwa wale watakaosogeza paneli zao mwezi huu: mbele ya kuigusa, andikeni kwa siku saba saa ambayo taa inazimika, mukitumia vitu vile vile kila usiku, taa zile zile na simu zile zile. Kisha sogezeni, osheni, na muandike siku saba zingine. Kama saa haibadilike hata kidogo, paneli haina kosa. Angalieni betri, na muwe tayari kwamba hiyo ndiyo ya kubadilisha. Kaye hizo mulete kwenye mukutano wa koperative. Tutazilinganisha, bonde kwa bonde, ili tujue wa Kingi wapendelee asubui ao mangaribi.